Uvungu wa nyumba una maji, kutu na mchwa: tununue au tuachane nayo?

SWALI

Habari za kazi, mhandisi. Mimi na mume wangu tunataka kununua nyumba ya vyumba vitatu Goba, iko kwenye mteremko. Kwa nyuma sakafu iko usawa wa ardhi, ila kwa mbele nyumba imenyanyuliwa kwa msingi mrefu, na chini ya sebule, chumba kimoja na baraza kuna uvungu ambao haukujazwa kifusi. Juu yake kuna slabu. Wiki iliyopita tulimpeleka mkaguzi. Alipenya kwenye kitundu cha ubavuni akatoka na picha. Kona moja ina maji yaliyotuama, ingawa mvua haijanyesha karibu mwezi mzima. Bomba la choo linadondosha. Nondo za slabu zimetokeza sehemu mbili na zina kutu. Mbao na milunda ya wakati wa ujenzi bado imo ndani na mchwa wameshapanda. Kwa nje, kwenye kona ya mbele, kuna ufa unaopanda kama ngazi. Muuzaji anasema ni jasho la zege tu, na atapunguza milioni tatu. Dalali anasema kuna mteja mwingine mwenye fedha mkononi. Mume wangu anataka tuachane nayo. Mimi nimeipenda. Tufanyeje?

Msomaji, Tabata

JIBU

Dada yangu, msilipe chochote wiki hii, na wala msiikimbie nyumba wiki hii. Shemeji ana haki ya kuogopa na wewe una haki ya kuipenda, lakini nyote wawili bado hamjaijua. Ukisoma taarifa ya mkaguzi utahesabu matatizo matano. Mimi naliona moja lililozaa karibu yote, nalo ni maji. Mpaka ijulikane maji yale yanatoka wapi, hakuna mtu anayeweza kuwaambia kama milioni tatu ni nyingi au ni kidogo, si muuzaji, si dalali, wala mimi niliyekaa huku na picha zenu.

Ukitafuta ushauri kuhusu uvungu wa nyumba, mwingi utakaoukuta umeandikwa kwa ajili ya nyumba za Marekani. Kule uvungu ni jambo la kawaida, ila sakafu iliyo juu yake mara nyingi ni ya mbao, na hofu yao kubwa ni ukungu na mbao kuoza. Nyumba yenu ina slabu ya zege yenye nondo. Kinachoimaliza slabu ya namna hiyo ni kutu ya chuma kilichomo ndani. Kwa hiyo mtu akikushauri upulize dawa ya ukungu kisha uzibe matundu yote ya hewa, anazungumzia nyumba ya aina nyingine katika hali ya hewa nyingine. Nitalirudia suala la matundu mbele kidogo.

Kabla ya vipimo, nina ombi. Asiingie mtu mle peke yake tena, hata awe mkaguzi mzoefu. Sehemu iliyofungika, yenye maji machafu yanayovuja, inaweza kukusanya gesi yenye harufu ya mayai viza, na gesi hiyo ikizidi pua inaacha kuinusa kabla mtu hajajua yuko hatarini. Watu wamekufa kwenye makaro kwa namna hiyo, na aghalabu wa pili hufa akimfuata wa kwanza kumwokoa. Fungueni kitundu na matundu ya hewa siku moja kabla, zimeni umeme kwenye swichi kuu kwa sababu hamjui nyaya gani zinapita mle, na mtu mmoja abaki nje muda wote. Pampu ya petroli au jenereta isiingizwe ndani, moshi wake unaua. Anayeingia avae buti na glavu. Panya wanapenda uvungu, na mkojo wao kwenye maji yaliyotuama ndio unaoeneza homa ya mgunda, ile iliyoua watu mkoani Lindi mwaka 2022.

Sasa maji. Katika barua yako kuna kitu kimoja chenye thamani kuliko picha zote: mvua haijanyesha karibu mwezi mzima. Maji yangekutwa mwezi Aprili, katikati ya masika, ningesema tuanze na paa na mifereji. Kukutwa wakati wa kiangazi kunapunguza washukiwa hadi wanne: bomba la maji safi, bomba la choo, karo la jirani aliye juu yenu, au maji ya ardhini yanayochomoza kwenye mteremko. Mkaguzi aliona bomba la choo linadondosha na kila mtu akaridhika kwamba chanzo kimepatikana. Inawezekana. Lakini bomba la maji machafu huwa tupu muda mwingi, linapitisha maji pale tu mtu anapotumia choo au kuoga. Kama nyumba haina wakazi sasa hivi, tone la bomba hilo haliwezi kujaza kona kwa mwezi mzima, isipokuwa tangi la choo linavuja ndani kwa ndani bila kukoma. Muulizeni muuzaji nani analala pale, na mara ya mwisho maji yalitumika lini.

Vipimo vyenyewe havihitaji mashine. Anzeni na mita. Fungeni bomba zote na valvu za vyoo jioni, andikeni namba ya mita, msome tena asubuhi. Ikisogea, bomba la maji safi linavuja mahali fulani baada ya mita. Kama nyumba inatumia tangi la kwenye mnara, pigeni alama ya kimo cha maji, fungeni linaloingia, na mwangalie alama asubuhi. Baada ya hapo nunueni rangi za chakula dukani, ile nyekundu na ile ya kijani. Mwagieni rangi moja kwenye choo kimoja na nyingine kwenye choo cha pili pamoja na ndoo mbili tatu za maji, kisha mtu aangalie uvunguni baada ya saa chache na tena kesho yake. Rangi ikitokea, mmejua ni choo kipi. Isipotokea siku ya kwanza msiamue bado, maji yakipita kwenye udongo huchelewa.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokitegemea zaidi, na ndicho wanachokiruka watu wenye haraka. Choteni maji yote ya ile kona, mkaushe kwa matambara, kisha fungeni maji ya nyumba nzima kwa siku tatu. Kila siku mtu aangalie: yamerudi? Yamerudi kwa kasi gani? Yanatoka ukutani upande wa mlima, yanatoka chini kwenye udongo, au yanadondoka kutoka juu? Yana harufu? Kona ikibaki kavu, shukuruni Mungu, tatizo lenu liko kwenye mabomba, na mabomba yanatengenezeka. Maji yakirudi wakati nyumba imefungwa kabisa, yanatoka nje ya nyumba, na hapo mazungumzo yote ya bei yanabadilika.

Chanzo cha nje kinachosahaulika zaidi maeneo ya milimani kama Goba, Kimara na Makongo Juu ni jirani. Mitaa mingi huku haina mfumo wa majitaka wa umma, kila nyumba ina karo lake na shimo lake la kunyonyea maji. Viwanja vimepandana kama ngazi. Shimo la jirani wa juu likishajaa au udongo wake ukishachoka kunyonya, maji yake yanafuata mteremko chini kwa chini mpaka yakutane na ukuta wa msingi wa mtu mwingine. Ukuta huo ukiwa wa tofali za kufyatua zisizopakwa lami wala plasta kwa nje, maji yanapenya. Nendeni kwa jirani huyo kabla hamjanunua, mwende kwa adabu, mkijitambulisha kuwa mnakusudia kuhamia. Ulizeni karo lake liko upande gani na gari la kunyonya huja mara ngapi kwa mwaka. Jirani atakayejibu vizuri leo ni jirani mtakayeweza kuzungumza naye kesho, na anayewafokea leo mmeshamjua. Mkiona ushahidi wa maji yake na hataki kusikia, mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kuanzia, ila jueni kwamba ugomvi wa majitaka huchukua muda, na mngekuwa mmeununua pamoja na nyumba.

Muulizeni pia mtu yeyote aliyekaa mtaa ule miaka kadhaa, mama muuza genge au bodaboda wa kijiweni, masika maji hupita wapi. Fundi aliyejenga msingi pia mara nyingi yuko hai na anafahamika mtaani. Yeye anajua nondo gani ziliwekwa na kwa nini kifusi hakikujazwa. Dakika ishirini naye zinaweza kuwapa kile ambacho mkaguzi hawezi kukiona kwa tochi.

Maji ya mvua hayakosi hatia kwa sababu tu leo ni kiangazi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 40, jambo linaloweza kutokea Dar es Salaam kwa siku moja ya Aprili, linamwaga lita 6,000 kuzunguka msingi. Kama nyumba haina magata, maji hayo yanaangukia mguuni pa ukuta. Yakiwepo magata lakini bomba la kushushia linaishia hapo hapo ukutani, ni yale yale. Matengenezo yake si ghali: magata yanayopeleka maji mbali, sakafu ya nje inayoshuka angalau sentimita 5 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba, na upande wa mlima mfereji wa kina, wenye kokoto na bomba lenye matundu, unaoyadaka maji kabla hayajaufikia msingi na kuyazungusha. Angalieni tu mfereji huo usimalizikie kwa jirani wa chini. Udongo wa mteremko wenye mchanga hukatika haraka, na korongo likianza kwake litapanda kuja kwenu.

Nikija kwenye nondo, hapa ndipo ninapomtaka muuzaji aache neno lake la jasho la zege. Chuma kilicho ndani ya zege zuri hakishiki kutu kwa sababu saruji inakizunguka kwa ukali wa alkali, kinyume cha tindikali. Miaka inavyopita, hewa ya kaboni inapenya polepole na kuudhoofisha ukali huo kutoka juu kwenda ndani. Tabaka la zege linalofunika chuma likiwa nene, milimita 25 na kuendelea, safari hiyo inachukua miongo. Likiwa milimita 5, kwa sababu fundi hakuweka vibiskuti vya kuinua nondo kutoka kwenye mbao, inachukua miaka michache, na unyevu wa uvunguni unamalizia kazi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi, kwa hiyo inalipasua zege na kulibandua. Ndiyo maana nondo zenu zimetokeza: zege la chini limeshaanguka.

Sababu ya pili ya kutu inahusu sana mji huu. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vya karibu na pwani, vina chumvi, na kuna mchanga unaochimbwa karibu na bahari. Zege likichanganywa kwa maji au mchanga wa chumvi, adui yumo ndani tangu siku ya kwanza na kutu haitaishia sehemu mbili. Tofauti ya hali hizi mbili ni kubwa kwa mfuko wenu. Ya kwanza inatengenezeka kipande kwa kipande. Ya pili inaendelea kutokea mahali papya kila baada ya muda, na mtakuwa mnaifukuza miaka yote mtakayokaa pale.

Kuzitenganisha, mhandisi agonge slabu yote kwa nyundo ndogo kutoka chini, hatua kwa hatua, akiweka alama ya chaki kila anaposikia mlio wa mtungi mtupu badala ya mlio mkavu. Ramani ya chaki itaonyesha kama ubovu uko chini ya bafu na choo tu, au umetawanyika slabu nzima. Ukiwa chini ya choo tu, tunarudi kwenye bomba. Ukitawanyika, achukue vipande vya zege vipelekwe maabara kupimwa chumvi, na apulize kemikali inayobadilika kuwa ya zambarau kwenye zege ambalo bado lina ukali wake. Sehemu isiyogeuka rangi imeshachoka. Apime pia unene wa nondo zilizobaki kwa kalipa baada ya kuzikwangua. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 9 imepoteza karibu nusu ya chuma chake, ingawa kwa macho inaonekana bado nene.

Matengenezo yenyewe yana utaratibu usiokatwa njia ya mkato. Slabu inategemezwa kwanza. Zege bovu linabomolewa mpaka nyuma ya nondo, chuma kinasuguliwa mpaka king'ae, kilicholika sana kinaongezewa nondo mpya kando yake, kinapakwa kinga, kisha panajazwa kwa mchanganyiko maalumu wa saruji wa kutengenezea zege. Kinachofanyika mara nyingi kwenye nyumba inayotaka kuuzwa ni fundi kupakaa plasta ya sementi juu ya kutu. Inapendeza kwenye picha. Kutu inaendelea nyuma yake, na ikianguka tena itaanguka na kipande kikubwa zaidi. Kwa hiyo muuzaji akiwapigia wiki ijayo kwamba ameshamaliza kurekebisha nondo, mwambieni asante, na mkaguzi aende na nyundo.

Milunda na mbao zilizoachwa mle zisiondolewe kwa pupa. Watu wanaona ni takataka, na nyingi kweli ni takataka, ni chakula cha mchwa kilichohifadhiwa kivulini. Lakini mara nyingine fundi huacha milunda michache kwa makusudi kwa kuwa slabu ilionyesha kushuka alipojaribu kuitoa. Mhandisi auguse kila mlunda. Unaotikisika haubebi kitu, utolewe. Uliobana kabisa uachwe mpaka ajue kwa nini umebana. Mlunda ulioliwa na mchwa halafu bado umebana ni jambo la kumpigia simu muuzaji siku hiyo hiyo.

Mchwa wenyewe hawanitishi sana katika nyumba hii, kwa kuwa slabu si chakula chao. Wanachotafuta ni fremu za milango, makabati na kenchi za paa, na wanafika huko kwa vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Mkiondoa mbao zote, mkavunja vijia na kukausha maji, nusu ya kazi imekwisha. Nusu nyingine ni dawa ya udongo inayopigwa na mtu mwenye kibali, kuzunguka kuta ndani na nje. Msikubali oili chafu ya gari imwagwe mle, itabaki kwenye udongo na harufu itapanda sebuleni. Na mtu akiwaletea dawa ya zamani "kali kuliko zote" aina ya aldrin au dieldrin, mkataeni. Hizo zimo kwenye orodha ya sumu 12 za mwanzo zilizowekewa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001, kwa sababu hazioi na zinaingia kwenye miili ya watoto.

Mbu nao wasisahaulike. Maji safi yaliyotuama kivulini ni makazi ya mbu anayeeneza dengue, na mji huu umeugua dengue vibaya mwaka 2014 na tena 2019. Maji ya karo yanazaa mbu wale wa usiku wanaopiga kelele masikioni. Nyumba yenye dimbwi chini ya sebule italala na mbu hata mkiweka nyavu madirisha yote.

Ufa wa ngazi kwenye kona ya mbele unaniambia kona ile imeshuka kuliko sehemu nyingine za nyumba, na kona ya mbele ndiyo yenye msingi mrefu na, nadhani kutokana na picha, ndiyo yenye maji. Udongo uliolowa hubeba uzito mdogo. Swali ni kama bado inashuka. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Ikigoma kuingia kwenye ufa, tuliza moyo. Ikiingia kirahisi, pimeni kwa rula. Mpaka milimita 5 kwa kawaida ni jambo la kuziba baada ya chanzo kuondolewa, kupita hapo milango huanza kukwama na mhandisi anatakiwa achimbe kando ya msingi aone umekalia nini. Angalieni ndani ya ufa: ukiwa na vumbi, rangi ya zamani na utando wa buibui, ni wa siku nyingi. Ukiwa msafi na kingo zake kali, ni wa karibuni. Chora mstari wa kalamu ya risasi kuukatisha, andika tarehe, piga picha na rula pembeni, na urudie kila wiki mbili. Hata mwezi mmoja ni mfupi, lakini ufa unaotembea mara nyingi hujionyesha ndani ya mwezi huo.

Niliahidi kurudi kwenye matundu ya hewa. Katika majimbo ya kusini-mashariki ya Marekani ardhi chini ya nyumba ni baridi kuliko hewa ya kiangazi, kwa hiyo hewa ya nje ikiingia uvunguni inatoa umande kwenye mbao. Ndiyo maana wataalamu wao wengi siku hizi wanashauri kuziba. Wastani wa joto la Dar es Salaam kwa mwaka ni kama nyuzi 26, na udongo chini ya nyumba unakaa karibu na joto hilo hilo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, lakini haifiki kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 26, isipokuwa mara chache. Kwa hiyo huku hewa inakausha. Tobolewe matundu upande wa mbele na wa ubavuni, yanayoelekeana ili upepo upite, yawekewe nyavu za chuma zinazozuia panya na nyoka. Tahadhari moja: chumba cha juu kikiwa na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha, slabu inapoa na umande unaweza kutokea chini yake. Kama mnapenda kiyoyozi, kiwe kwenye chumba cha nyuma. Udongo wa uvunguni ufunikwe kwa nailoni nzito, vipande vikipandana sentimita 30, kisha mchanga mwembamba juu yake. Lakini nailoni iwe kazi ya mwisho. Ikitandikwa kabla chanzo hakijazibwa, itaficha maji tu.

Tuje kwenye fedha. Milioni tatu ya muuzaji haina msingi wowote, ni namba ya kuwanyamazisha, na mkitaja namba yenu bila makadirio nayo itakuwa vivyo hivyo. Mpeni mkadiriaji au fundi mkuu mnayemwamini matokeo ya vipimo aandike gharama kwa mafungu: mabomba, kuzuia maji upande wa mlima, slabu, mchwa na uchafu. Fungu la slabu aliandike mara mbili, kwa hali nzuri na kwa hali mbaya, kwa kuwa zege likishabomolewa ndipo ukubwa wa kutu unaonekana. Hapo mtamwekea muuzaji karatasi mezani, na mzungumze juu ya karatasi.

Mimi nisingependa muuzaji afanye matengenezo yote mwenyewe. Anayeuza anataka kazi iishe, mnaokaa mnataka iwe imara. Mabomba afanye yeye, kwa sababu mnaweza kuyajaribu kwa rangi na mita. Slabu na mfereji wa mlimani viondolewe kwenye bei, mvifanye nyinyi kwa fundi wenu. Na sehemu ya malipo ibaki kwa wakili mpaka masika moja ipite. Muuzaji atalalamika. Aliyesema ni jasho la zege hapaswi kuiogopa masika.

Mhandisi atakayefanya haya awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na ripoti yake iwe na jina, namba ya usajili na sahihi. Ripoti ya mdomo haiwasaidii mbele ya wakili. Muombeni muuzaji pia kibali cha ujenzi na michoro. Kama mchoro unaonyesha msingi uliojazwa kifusi na leo kuna uvungu, slabu ile huenda haikuhesabiwa na mtu, na mhandisi aanze hesabu upya tangu mwanzo. Na kama chini ya kiwanja kuna mto au mkondo, pimeni umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bonde la Msimbazi hadi Mabwepande.

Kuna hali ambazo ningekubaliana na shemeji bila kubishana: maji yakirudi nyumba ikiwa imefungwa na jirani hataki kulizungumzia karo lake, maabara ikikuta chumvi kwenye zege la slabu nzima, ufa ukisogea ndani ya mwezi, au muuzaji akikataa kufungua uvungu kwa siku hizo za vipimo. Hiyo ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote na ndiyo itakayowaambia mapema zaidi.

Kuhusu mteja mwingine wa dalali, inawezekana yupo. Kama yupo na ananunua bila kuingia uvunguni, mwacheni anunue. Mkitaka kuishikilia nyumba kwa haki, wakili aandike makubaliano ya kusubiri wiki nne, yenye kiasi kidogo kinachorudishwa chote endapo ripoti ya mhandisi itaonyesha ubovu wa slabu au maji kutoka nje ya kiwanja, na yenye ruhusa ya maandishi ya kuingia, kugonga, kuchukua vipande vya zege na kufunga maji. Fedha hiyo isipite mikononi mwa dalali. Nitumieni namba za mita, picha za chaki na kimo cha maji cha siku ya tatu, nami nitawasaidia kuyasoma kabla hamjakaa na muuzaji.